Bahasha Zilizopita Angani

Wahenga walisema kuwa barua ni nusu ya kuonana. Kwa watu wa pwani yetu, ambao tangu kale wana ndugu ng'ambo ya bahari, neno hili halikuwa pambo la mazungumzo. Barua iliyotoka Maskati ilikuja na jahazi katika upepo wa kaskazi, na jibu lake lilingoja kusi. Baina ya swali na jibu mtoto aliweza kuzaliwa, akaota meno, kabla baba yake hajapata habari kwamba mkewe ni mjamzito. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 meli za moshi zilikata muda huo, walakini hata katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Kwanza, barua ya Ulaya ilihesabiwa kwa wiki, si kwa siku. Kisha zikaja ndege. Insha hii ni habari ya barua zilizopanda ndege hizo za kwanza, na ya bahasha zake, ambazo baadhi ya watu huzitafuta leo kama wengine wanavyotafuta lulu.

Msomaji atauliza: bahasha tupu ina faida gani? Barua imekwisha kusomwa, mwandishi na msomaji wake pengine wamekwisha kufariki. Kilichobaki ni karatasi yenye uchafu. Swali hili ni la haki. Vijana wengi walioanza kukusanya stempu walijibu kwa makasi: walikata kipembe chenye stempu, wakakiloweka majini, wakabandika stempu katika daftari, na bahasha wakaitupa. Kwa maoni yangu hasara ya makasi hayo ni kubwa kuliko ya mchwa. Stempu moja ilichapishwa kwa maelfu na malaki, na nyingine kama hiyo hupatikana. Bahasha ilikuwa moja tu duniani. Usoni ina jina la mtu na mahali alipokaa. Ina muhuri wa posta wenye mji na tarehe ya kuondoka. Mgongoni aghalabu ina muhuri wa pili, wa mji ilikofika. Toa tarehe ya kwanza katika ya pili, utapata mwendo wa dunia katika mwaka ule. Hakuna mwanahistoria awezaye kuipata hesabu hiyo katika stempu iliyoloweshwa.

Tuanze mbali kidogo. Safari ya kwanza ya ndege iliyochukua barua kwa idhini ya posta haikufanywa Uingereza wala Marekani, bali Bara Hindi. Tarehe 18 Februari 1911 rubani Mfaransa, Henri Pequet, aliondoka Allahabad na mzigo wa barua zipatazo 6,000, akavuka mto Yamuna na kushuka Naini, mwendo wa kilometa kumi hivi. Barua zile zilipigwa muhuri maalumu uliotengenezwa kwa siku hiyo. Mtu akitembea kwa miguu angaliweza kuzifikisha siku ileile. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Mlango wa Afrika ya Mashariki ulifunguka kwa taabu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1927 Mwingereza aliyeitwa Kapteni Gladstone alijaribu kuunganisha Khartoum na Kisumu kwa ndege ya majini iliyopewa jina la Pelican. Shabaha yake ilikuwa njema: reli ya Sudani ilifika Khartoum, reli ya Uganda ilianzia Mombasa na kufika Ziwa Viktoria, na baina ya ncha hizo mbili palikuwa na mto Naili, mabwawa ya magugu na nyika isiyo na barabara ya kutegemewa. Lakini Pelican ilipatwa na ajali, ndege iliyoazimwa badala yake nayo ikadhurika, na jaribio likakoma. Bahasha chache zilizosafiri katika miezi ile ni adimu mno. Gladstone mwenyewe aliishi kuona wazo lake likitimizwa na wengine, akafa mwezi Mei 1931 katika ajali ya ndege kwenye milima ya Drakensberg, Afrika ya Kusini.

Waliolitimiza walikuwa kampuni ya Imperial Airways. Tarehe 28 Februari 1931 barua za kwanza za safari ya kila wiki ziliondoka Croydon, karibu na London, na tarehe 10 Machi zilikuwa Mwanza. Siku kumi! Abiria mwanzoni walichukuliwa mpaka Khartoum tu. Kutoka hapo kwenda kusini ndege ilibeba barua, ikifuata Naili mpaka ziwani, ikigusa Kisumu na kuishia Mwanza. Mji wa Mwanza, ambao watu wengi wa Ulaya walikuwa hawajapata kuusikia, ukawa kituo cha mwisho cha njia ya angani kutoka London, na jina lake likaandikwa juu ya maelfu ya bahasha. Utukufu huo haukudumu hata mwaka. Njia ilipoendelezwa mpaka Cape Town mwezi Januari 1932, ndege ziligeuka Kisumu kuelekea Nairobi, kisha Moshi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa kando.

Hapa bahasha zatufundisha jambo ambalo matangazo ya kampuni hayakupenda kulisema. Barua za safari ya kwanza kamili ya Cape Town ziliondoka Croydon tarehe 20 Januari 1932, na zilifika tarehe 2 Februari. Ni siku kumi na tatu, na ratiba haikuahidi hivyo. Mwezi mmoja kabla yake, barua za jaribio la Krismasi ziliondoka tarehe 9 Desemba 1931 na kufika Cape Town tarehe 21. Mvua, matope ya viwanja, mitambo iliyochoka na marubani waliongoja mawingu yapungue, yote hayo yamo katika tofauti ya mihuri miwili. Tangazo husema kilichokusudiwa, na muhuri husema kilichotokea. Mwenye kuandika historia hana budi kuwa na vyote viwili mezani. Akiwa na kimoja tu, afadhali kiwe muhuri.

Tena kuna udanganyifu wa namna nyingine, usio wa hila. Bahasha nyingi za safari hizo za kwanza hazikuwa barua za kweli. Wakusanyaji wa Uingereza na kwingineko walijiandikia wenyewe, wakaweka kipande cha karatasi ndani au wasiweke kitu, wakaomba posta ya Kisumu au Mwanza izipige muhuri na kuzirudisha. Bahasha hizo ni safi, zimeandikwa kwa mkono mzuri, na ndizo nyingi katika minada ya leo. Zinasema kweli juu ya ndege, lakini hazisemi lolote juu ya maisha ya watu. Bahasha ya kweli aghalabu imekunjwa, ina doa la chai, imeandikwa anwani iliyofutwa na kuandikwa upya kwa sababu mwenyewe amehama. Mimi ningeitoa kumi za namna ya kwanza nipate moja ya namna ya pili.

Je, pwani yetu iliingia lini katika habari hizi? Njia kuu ya mwaka 1932 ilipita bara. Barua ya Mombasa ilishushwa huko na kuteremka kwa gari la moshi, au ilichukuliwa na ndege ndogo za kampuni ya Wilson Airways. Kampuni hiyo iliundwa Nairobi mwaka 1929 na mwanamke, Florence Kerr Wilson, pamoja na rubani Tom Campbell Black, na katika miaka ya 1930 ndege zake zilichukua barua na abiria kati ya Nairobi, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Uwanja wa Wilson wa Nairobi umechukua jina lake hapo. Stempu zilizobandikwa hazikuwa za ndege hasa. Zilikuwa zilezile za kawaida, na tangu mwaka 1935 zilikuwa zile nzuri za Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye picha za korongo, jahazi la ziwani, simba, Kilimanjaro na daraja la Jinja. Ndege ilitambulikana kwa kikaratasi cha samawati chenye maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kwa ndege".

Mabadiliko makubwa kwetu yalikuja mwaka 1937. Serikali ya Uingereza ilikata shauri kwamba barua zote za kawaida baina ya sehemu za milki yake zichukuliwe kwa ndege bila malipo ya ziada, senti moja na nusu za Kiingereza kwa nusu wakia. Kwa kazi hiyo kiwanda cha Short Brothers kilitengeneza ndege kubwa za majini zenye mitambo minne, ambazo majina yao yote yalianza kwa herufi C. Tarehe 29 Juni 1937 ndege iliyoitwa Centurion iliondoka Southampton na mzigo wa kwanza wa mpango huo, ikielekea kusini. Njia mpya ilishuka kutoka Kisumu hadi Mombasa, kisha ikafuata bahari: Dar es Salaam, Lindi, Mozambique, Beira, Lourenço Marques, hata Durban. Ni ajabu kidogo kufikiri kwamba ndege iliyoumbwa kwa maji ilivuka nyika kavu ya Taru ili ipate kuoga Mombasa.

Basi mtazame ramani, ninyi mnaosoma Waa, Tiwi au Msambweni. Anayetoka Mombasa kwenda Dar es Salaam kwa kufuata ufuo hupita juu ya Likoni, Ng'ombeni, Waa, Diani, Gazi na Vanga. Njia ya barua za London ilipita usawa wa minazi ya Wadigo. Lakini kupita si kufika. Tuchukulie, kwa mfano, barua iliyoandikwa London mwezi Julai 1937 kwa mwalimu wa shule ya Waa. Ilipita Rumi, Athens, Alexandria na Khartoum. Ilivuka mstari wa ikweta. Ikafika Mombasa kwa muda wa wiki moja hivi. Hapo haraka yote ilikwisha. Gunia lilipelekwa posta, barua zikachambuliwa, ile ya Waa ikangoja chombo cha kuvuka Likoni, kisha gari la kusini, kisha mtu mwenye safari. Kwetu posta haikugonga milango ya nyumba. Barua ilikwenda kwa sanduku la posta la shule, la duka au la ofisi ya serikali, na mwenye barua aliifuata au aliletewa na mtoto. Kwa hiyo katika bahasha za vijijini utaona maneno "kwa mkono wa" fulani, na huyo fulani ni mwalimu, mwenye duka, au mzee wa mji. Maneno hayo matatu yana historia nzima ndani yake: nani aliaminiwa, nani alijua kusoma, na nani aliyejua siri za nani.

Safari hizo zilikuwa na hatari. Tarehe 31 Desemba 1935 ndege ya majini City of Khartoum iliishiwa na petroli ilipokuwa karibu kabisa kufika Alexandria. Ilianguka baharini usiku, na watu kumi na wawili wakafa. Rubani peke yake aliokoka. Bahasha iliyoopolewa baharini hutambulikana bila kuuliza: stempu zimebanduka kwa sababu gundi imeyeyuka, wino umesambaa, na mahali pengine posta imepiga muhuri wa kueleza kwamba imeharibiwa na maji. Wakusanyaji hulipa fedha nyingi kwa bahasha kama hizo. Sioni aibu katika kuzihifadhi, ila ningependa anayezionyesha ataje pia idadi ya waliokufa.

Kisa cha Corsair ni cha namna nyingine, nacho chastahili kuelezwa kwa kituo. Tarehe 14 Machi 1939 ndege hiyo ilikuwa ikitoka Durban kurudi Uingereza. Baada ya kuondoka Port Bell, Uganda, kuelekea Juba, chombo cha kuonyesha njia kilimpoteza rubani, akajikuta juu ya Kongo ya Wabelgiji, petroli ikikaribia kwisha. Alitua kwenye mto mwembamba, Dungu, karibu na Faradje. Hakuna aliyekufa, lakini ndege ilitoboka na kuzama nusu katika matope. Abiria na barua walitolewa na kuendelea na safari kwa njia nyingine. Ndege ilibaki. Mafundi waliletwa, ikazibwa, na katika jaribio la kwanza la kuruka ikagonga mwamba, ikatoboka tena. Hatimaye ilionekana kwamba mto haukuwa na maji ya kutosha, basi ikaamuliwa kuujengea boma ili maji yapande. Barabara ilifyekwa porini, mawe na miti vikabebwa, mto ukazuiwa. Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi baada ya ajali, Corsair iliruka.

Rubani wa ajali anajulikana. Alikuwa Alcock, ndugu wa yule Alcock aliyevuka bahari ya Atlantiki kwa ndege mwaka 1919. Jina la ndege lajulikana, na kijiji kilichoota pale wazungu walikiita kwa jina la ndege hiyo. Lakini boma lile lilijengwa na mamia ya mikono ya wenyeji, na bahasha za Corsair, ambazo leo zina bei kubwa, hazina hata jina moja la wenye mikono hiyo. Kila nikifikiri juu ya ukusanyaji wa barua za ndege narudi hapa. Bahasha haidanganyi, lakini husema habari za aliyeweza kununua stempu. Waliofagia viwanja vya Mbeya na Dodoma na wachukuzi waliobeba magunia ya barua Kisumu hawakujiandikia bahasha za ukumbusho.

Vita Vikuu vya Pili vilibadili hali hiyo kidogo. Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, njia ya bahari ya kati ikafungwa, na ndege za majini zikaanza kusafiri katika duara kubwa mfano wa kwato la farasi, kutoka Durban kupitia Mombasa, Kisumu na Cairo hata Sydney. Mombasa ikawa katikati ya njia ya dunia. Wakati huohuo maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki waliingia katika jeshi la King's African Rifles, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska, na mwaka 1944 Burma. Sasa mama wa kijijini alipata barua kutoka nchi ambayo hakuweza kuikisia. Bahasha yake imefunguliwa ubavuni na kuzibwa kwa utepe wa karatasi unaosema kwamba imekaguliwa, kwa maana mkaguzi wa vita alikuwa msomaji wa kwanza. Ilitumika pia karatasi nyepesi iliyokunjwa ikawa barua na bahasha pamoja. Wazo hilo lilianzishwa Iraki mwaka 1933 na mkuu wa posta wa huko, Douglas Gumbley, na Waingereza wakalichukua kwa askari wao mwaka 1941. Baada ya vita karatasi hiyo ya samawati ilienea pwani yote. Wanafunzi waliokwenda Makerere na ng'ambo waliandikia wazee wao juu yake, wakijaza mpaka pembe za mwisho kwa sababu haikuruhusiwa kutiwa kitu ndani.

Zama za ndege za majini zilikwisha Afrika mwaka 1950. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe, ikawa safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa kwa ndege isiyo na rafadha. Bahasha zake ni nyingi, safi, na kwangu hazina ladha.

Waafrika wenyewe hawakukaa nje ya shughuli hii. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya stempu za Afrika pamoja na vitabu na kazi za sanaa, na sehemu ya hazina yake imewekwa katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, ambako mwanafunzi yeyote aweza kwenda kuitazama. Lakini mtu mmoja hawezi kukusanya nyumba zote. Bahasha za Kwale hazikuandikwa kwa ajili ya minada ya London. Zilihifadhiwa kwa ajili ya mapenzi, katika makasha na mikoba, pamoja na hati za shamba na vyeti vya chanjo, na kila nyumba inapovunjwa ili ijengwe nyingine, kasha humwagwa.

Kwa hiyo maneno ya kazi. Ukipewa bahasha ya zamani, usitoe stempu, usinyooshe kwa pasi, wala usibandike kwa utepe wa plastiki, kwa maana gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Weka bahasha katika bahasha nyingine safi, mbali na ukuta, juu kuliko mchwa anavyozoea kupanda. Iache barua ndani ikiwa imo, na usiisome mpaka wenyewe wamekupa ruhusa. Kisha chukua daftari, si kalamu ya kuandika juu ya bahasha, uulize mambo machache na kuyaandika pamoja na tarehe ya siku hiyo: nani aliandika, nani aliandikiwa, walikuwa nani wao kwa wao, ililetwa na nani kutoka posta, na katika nyumba hiyo nani aliisoma kwa sauti.